Musyoka si jina la ukoo

Fomu zetu nyingi huwa na nafasi ya 'jina la ukoo'. Mkamba wa Kitui au Makueni hujaza hapo Musyoka, Mutua au Mutuku, basi yamekwisha. Ila hilo si jina la ukoo hata kidogo.

Tutazame Musyoka, jina lililosambazwa nchini na mwanasiasa Kalonzo Musyoka. Shina lake ni kitenzi -syoka, yaani 'rudi'. Kiambishi mu- ndicho kile kile cha mtu tunachokiona katika 'msomi'. Musyoka basi ni 'arudiye'. Nzioka ni pacha wake: s imegeuka z kwa kutanguliwa na n. Mutuku naye ni wa usiku (utuku), Kioko ni wa asubuhi, na Wambua ni mvulana wa wakati wa mvua. Msichana ni Mumbua. Sasa binti wa Wambua akiitwa Wambua shuleni, sarufi ya Kikamba inalia.

Zamani mtu alijulikana kwa jina lake na la babake: Mutua wa Musyoka. Kifungua mimba wa kiume wa Mutua angeitwa Musyoka, maana alipewa jina la babu mzaa baba. Jina liliruka kizazi. Halikushuka ngazi kwa ngazi kama Esposito la Waitaliano, walilopewa watoto waliotupwa kule Napoli, kisha likarithiwa na wajukuu na vilembwe.

Karatasi za serikali, kuanzia kipande cha enzi ya mkoloni, zilitaka jina lisilohamahama. Gavana wa Makueni aliyechaguliwa 2022 ni Mutula Kilonzo Junior, mwana wa Mutula Kilonzo, seneta wa kwanza wa kaunti hiyo. Hapo Kilonzo limeganda, na Mutula limetoka kwa baba hadi kwa mwana bila kuruka. Hilo 'Junior' si pambo, lina kazi.

Ukoo wenyewe je? Una majina yake: Atangwa, Aombe, Anzauni na mengineyo, nayo hayaonekani kwenye kitambulisho. Kijana Musyoka wa Mwingi akichumbia binti Musyoka wa Makueni, wazee hawashtuki. Watauliza kwanza hawa ni wa ukoo gani. Wakipatikana kuwa Aombe wawili, kwa desturi hapana ndoa hapo, hata kama mmoja angekuwa Musyoka na mwenzake Kioko.