Bati Linang'aa, Ndani Mnaiva!

Ukitoka Mpanda, ukaivuka Hifadhi ya Katavi kuelekea Sumbawanga, unaingia Kibaoni. Tupa macho juu: mabati! Maendeleo hayo, sikatai. Lakini Oktoba, saa nane mchana, hebu ingia nyumba isiyo na dari. Jasho mpaka kwenye kope! Subiri sasa Juni, alfajiri, watoto wanagombea blanketi.

Mbona nyumba ya nyasi ya bibi haikuwa hivyo? Siri ni hewa. Katikati ya nyasi kuna hewa iliyotulia, na hewa ya namna hiyo haipitishi joto upesi. Bati ni chuma chembamba. Jua likilipiga, linakumwagia joto lote utosini. Usiku usio na mawingu linalitupa joto angani na kupoa chapuchapu, na baridi mnaipata nyie.

Ndiyo maana nasema: baba mwenye nyumba, kabla ya sofa, dari! Sofa ya nini, kama wageni wenyewe wanakimbilia chini ya mwembe?

Dari inafanya kazi mbili. Mchana inakinga joto la bati. Usiku inazuia hewa ya uvuguvugu, ambayo kawaida yake ni kupanda juu, isipotelee kwenye bati. Mwambie fundi aache matundu kwenye kuta za pembeni, juu ya dari, ili joto la mchana litoke. Ayazibe kwa wavu wa chuma, la sivyo utapangisha popo bure!

Hela haitoshi nyumba nzima? Anza na chumba cha watoto. Siling bodi ikikushinda, hata viroba safi vilivyoshonwa pamoja na kubanwa vizuri kwenye mbao vinapunguza makali ya bati. Ila jamani, kibatari na mshumaa vikae mbali kabisa. Viroba na moto ni maadui.

Bati lililoshika kutu linanyonya jua zaidi. Rangi nyeupe ya mabati inarudisha sehemu kubwa ya mwanga huo. Na upande wa magharibi, linakotua jua kali la jioni, otesha mti wa kivuli, usiugandamize ukutani tu.

Mtoto asiyelala vizuri usiku, darasani anasinzia. Mwalimu atamchapa bure, kumbe mkosaji ni bati!