Mwanga Mwekundu na Misuli Inayouma

Mkazi wa Likoni asiyezoea mazoezi akikimbia mchangani ufuo wa Shelly Jumamosi jioni, usiku hulala vizuri tu. Jumatatu asubuhi ndipo mteremko wa kushukia feri humtesa: kila hatua mapaja yanalia. Kupanda si taabu kama kushuka, na hapo ndipo siri ilipo.

Wengi hulaumu asidi ya laktiki. Lakini laktiki huondoka misulini ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, ilhali maumivu haya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Chanzo ni michubuko midogo mno katika nyuzi za misuli, hasa msuli unapojikaza huku ukinyooshwa, kama paja linavyofanya mtu anaposhuka. Mwili huijibu michubuko hiyo kwa uvimbe, na uvimbe ndio unaouma. Kazi ileile ikirudiwa wiki zinazofuata, maumivu hupungua sana, maana msuli umeshajifunza.

Kwa kuwa uvimbe ndio unaouma, taa nyekundu zinazouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kuutuliza huvutia watu wa jimu, na wengi huuliza kama zinafaa. Jibu langu: zinaweza kusaidia, lakini kidogo, na kwa masharti.

Tiba hii ya mwanga ilianzia Hungary. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Budapest, akichunguza uhusiano wa leza na saratani, aliwamulika panya walionyolewa. Leza yake ilikuwa hafifu. Alichokiona ni manyoya kuota upesi zaidi pale palipomulikwa. Leo tunaelewa zaidi. Ndani ya seli mna mitokondria, vinu vya nishati, na humo kuna kimeng'enya kinachofyonza mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanometa 630 hadi 660 pamoja na infraredi ya karibu, ya takriban 800 hadi 900, isiyoonekana kwa macho. Nadharia inayokubalika zaidi ni kwamba mwanga huo hukiwezesha kinu kutoa nishati zaidi na kutuliza uvimbe.

Tafadhali usiichanganye na ile taa ya infraredi ya vyumba vya fiziotherapia inayopasha ngozi joto. Ile hulegeza msuli kwa joto. Tiba ninayoizungumzia haitegemei joto, na ukihisi unaungua, kuna kosa.

Watafiti wa Brazil, Ernesto Leal-Junior akiwa miongoni mwao, wameijaribu sana kwa wanamichezo. Jambo linalowashangaza wateja ni wakati: matokeo mazuri zaidi yamepatikana mwanga ulipotumika dakika chache kabla ya mazoezi. Anayekuja Jumatatu akichechemea amechelewa. Kipimo nacho ni kigumu. Mwanga mdogo haufanyi kitu, na mwingi kupita kiasi huweza kufuta faida. Huenda ndiyo maana majaribio mengine hayakuona tofauti yoyote.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada la kuzingatia. Melanini ya ngozi nyeusi hufyonza sehemu ya mwanga kabla haujafika msulini, na huufyonza mwekundu kuliko infraredi. Mtaalamu anayetumia kipimo kilekile kwa kila ngozi hajafanya kazi yake. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, uliza kifaa kina nanometa ngapi, msuli wako utapata juli ngapi za nishati, na kama anayekitumia amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia. Ikiwa ni leza, macho yafunikwe kwa miwani maalumu. Palipo na saratani pasimulikwe bila idhini ya daktari.

Asiye na pesa hizo asijione amepungukiwa. Kuongeza mazoezi polepole, kulala vya kutosha, kutembea taratibu siku ya pili na kukandwa kwa mikono kutamfikisha mbali, na maumivu yataisha yenyewe ndani ya siku chache.

Kuna hali moja isiyotaka taa wala kukandwa. Baada ya mazoezi makali, hasa kwenye joto letu, misuli ikivimba, nguvu zikaisha na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, msuli unavunjika na figo zimo hatarini. Nenda hospitali siku hiyohiyo.