Goma: Katika Birere, uhai wa Land Cruiser unahesabiwa kwa saa, si kwa kilometa

Kila asubuhi katika Birere, sehemu ya biashara inayopakana na Rwanda upande wa Petite Barrière, chukudu, motari na wabebaji mizigo hugombania njia na pikapu zinazojiandaa kutoka mjini. Pikapu moja inaelekea Sake na Masisi, nyingine Rutshuru. Nyuma zimejaa sabuni, chumvi, mabati na vitambaa, na juu ya mizigo wamekaa watu. Jioni au kesho yake zitarudi na maharagi, viazi, makala na jibini.

Nyingi kati ya gari hizo ni Toyota Land Cruiser. Wakaaji husema kwamba gari hiyo haifi. Lakini mbele ya maduka ya vipuri na chini ya mabati ya magaraji, mafundi wanajua kwamba inakufa kama nyingine. Mara nyingi haiuliwi na mawe ya barabara. Inauliwa na mafuta yaliyozeeka ndani ya moteri, maji mabaya ndani ya radiatere, au mazutu iliyochanganyika na maji.

Kwa wakati huu jambo hilo lina uzito zaidi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, wakati waasi wa M23 walipouteka mji. Banki nazo zilifunga milango, na pesa mkononi zikawa ngumu. Mwenye gari asiye na pesa huanza kwa kuahirisha vidanji, yaani kumwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya. Anasema: wiki ijayo. Ni hapo hasara inapoanzia.

Gari yenyewe ni ya namna gani

Pikapu inayojulikana zaidi katika Kivu ni Land Cruiser ya familia ya 70, ambayo Toyota iliitoa mwaka 1984. Toleo la 79 lilikuja mwaka 1999. Moteri yake ambayo mafundi wa huku wanaizoea ni 1HZ: silinda 6 kwa mstari, ukubwa wa sentimita za ujazo 4,164, inatumia mazutu, haina turbo. Nguvu yake ni kama farasi 130 tu. Gari nyingi ndogo za leo zinaishinda kwa mbio.

Ila nguvu ya kuvuta inapatikana chini, moteri ikizunguka mara 2,200 hivi kwa dakika. Ndiyo maana inapanda mlima polepole ikiwa na mzigo bila kulia sana. Shasi yake ni ya chuma kizito, mbele ina resori za kuzunguka, nyuma resori za mabamba. Ina vitesi 5, na kijiti cha pili cha kuingiza magurudumu yote 4 na vitesi vizito vya potopoto. Pompi yake ya mazutu, kwenye matoleo ambayo mafundi wa Birere wanayajua vizuri, inafanya kazi bila kompyuta. Fundi mwenye funguo na masikio mazuri anaweza kuitengeneza pembeni ya barabara.

Urahisi huo ndio unaowadanganya wengi. Gari isiyo na kompyuta haina pia mtu wa kuikumbusha vidanji. Anayekumbuka ni shofere, au hakuna.

Kilometa 80 za Masisi si kilometa 80 za lami

Kitabu cha gari hutofautisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu. Vumbi, matope, mzigo mzito na mwendo wa polepole vyote vinaitwa matumizi magumu. Kwa hali hiyo mafuta ya moteri hubadilishwa kila kilometa 5,000, na si zaidi. Pikapu za Goma zina hayo yote manne kwa safari moja.

Lakini hata hesabu hiyo ya 5,000 inaweza kudanganya. Kutoka Goma hadi Masisi kati ni kilometa zipatazo 80. Gari ikitumia saa 5 kufika, imetembea kilometa 16 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilometa 5,000 ni zaidi ya saa 310 za moteri kuwaka. Gari inayokimbia kwenye lami kilometa 60 kwa saa inamaliza kilometa 5,000 hizo hizo kwa saa 83 tu. Saa ya kilometa inaonyesha namba moja kwa gari zote mbili, ila moteri ya kwanza imefanya kazi karibu mara 4 zaidi. Na mvua ikinyesha, saa 5 zinakuwa siku nzima, moteri ikiunguruma huku gari imekwama mahali pamoja.

Wenye jenereta na wenye vinu vya kusaga mahindi wanalijua jambo hili siku nyingi. Jenereta haina kilometa, kwa hiyo wanahesabu saa, na kwa mashine nyingi za mazutu saa 250 ndizo kipimo cha kawaida. Pikapu ya Masisi ikihesabiwa hivyo, vidanji inaangukia karibu kilometa 4,000, na kabla ya hapo wakati wa mvua. Shofere anayeandika kwenye daftari saa aliyoondoka na saa aliyofika anaijua gari yake kuliko yule anayetazama kilometa peke yake.

Lita karibu 10, na majaribu yake

Moteri ya 1HZ inabeba mafuta lita 9 hadi 10 pamoja na filtri. Ni zaidi ya mara 2 ya gari ndogo ya taksi, na bei yake inauma. Kwa hiyo wengine hawamwagi, wanaongeza tu. Kuongeza kunarudisha kiwango kwenye kijiti, lakini uchafu, masizi na unga wa chuma vinabaki ndani. Wengine wanabadilisha mafuta na kuacha filtri ya zamani. Hapo mafuta mapya yanapita kwenye uchafu ule ule.

Mafuta yanayofaa hapa ni ya moteri ya mazutu, na daraja linalotumika sana ni 15W-40. Kwenye bidoni inafaa kutafuta herufi za API zinazoanza na C, kama CF au CI-4. Herufi zinazoanza na S peke yake ni za moteri za esansi.

Kitu kingine kinachowachanganya wanunuzi ni rangi. Mafuta ya moteri ya mazutu yanageuka meusi baada ya siku chache. Huo si ugonjwa, ni kazi yake ya kubeba masizi. Kinachopaswa kutia hofu ni kiwango kinachopanda kwenye kijiti bila mtu kuongeza, maana yake mazutu au maji yanaingia. Rangi ya kahawa yenye maziwa pia ni alama ya maji, na gari isiwashwe tena kabla fundi hajatazama.

Katika soko lenye watu wengi, bidoni ya kudanganya haikosekani. Kifuniko kilichokwisha kufunguliwa, karatasi iliyobandikwa vibaya, namba ya kiwandani iliyofutika, bei ya chini kupita ya jirani: kimoja kati ya hivyo kinatosha kumrudisha mnunuzi. Na baada ya vidanji, bidoni tupu itobolewe hapo hapo. Bidoni nzima inayoachwa garajini inaweza kurudi sokoni ikiwa na mafuta ya mtu mwingine.

Maji ya ziwa si maji ya radiatere

Goma iko juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji matupu yanachemka karibu nyuzi 95, si 100. Kwa gari inayopanda mlima na tani ya mzigo, nyuzi 5 hizo ni nyingi. Kifuniko cha radiatere kinachoshika mgandamizo vizuri, pamoja na maji maalumu ya radiatere, ndivyo vinavyosogeza mbali kiwango cha kuchemka.

Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi. Yakizunguka ndani ya moteri yenye joto, yanaacha ganda kama la ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Ganda hilo linaziba njia nyembamba za radiatere, moteri inapata joto, na kulasi inapasuka. Kwenye 1HZ, kulasi iliyopasuka ni bei ya vidanji nyingi sana. Kwa hiyo kipimo kizuri ni nusu ya dawa ya radiatere na nusu ya maji yaliyosafishwa. Yakikosekana njiani, maji safi ya mvua ni afadhali kuliko ya ziwa. Na kifuniko kisifunguliwe moteri ikiwa moto. Mvuke wake unachoma uso wa mtu.

Mazutu ya kadhafi na bulbu ndogo ya filtri

Mbali na mji, vituo vya mafuta ni vichache, na shofere hununua kwa kadhafi, wale wanaouza kwa bidoni na chupa pembeni ya barabara. Wengi ni watu wanaotafuta chakula cha watoto. Lakini bidoni iliyolala kwenye mvua inaweza kuwa na maji chini, na mazutu inaweza kuwa imeongezwa petroli ya taa. Pompi ya moteri hii inalainishwa na mazutu yenyewe. Ikipata maji au petroli, vyuma vyake vinasuguana vikavu.

Chini ya filtri ya mazutu kuna kizibo kidogo cha kutolea maji. Kukilegeza na kumwaga kidogo mpaka mazutu safi itoke ni kazi ya dakika 5, na haihitaji pesa. Taa ya filtri ikiwaka kwenye dashibodi, dakika hizo zisingoje Goma. Na anayenunua kwa bidoni apitishe mazutu kwenye kitambaa safi, aiache itulie, kisha asimwage ile ya chini kabisa.

Bwati, ponti na freni

Vyombo vingine vya mafuta havionekani, ndiyo maana vinasahauliwa. Bwati ya vitesi inatumia mafuta ya 75W-90, na yenye alama GL-4 ndiyo salama zaidi kwa shaba iliyo ndani. Ponti ya mbele na ya nyuma, kila moja ikibeba karibu lita 3, zinataka GL-5 ya namba 90. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 40,000.

Lakini gari iliyopita mtoni ina kalenda yake. Ponti inaingia majini ikiwa moto, hewa ya ndani inapoa ghafla na kunywea, na maji yanavutwa kupitia sili na tundu la kupumulia. Siku hiyo hiyo ya kurudi, fundi alegeze kizibo na kutazama rangi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imwagwe, hata kama iliwekwa juzi.

Mafuta ya freni ni DOT 3, na yanavuta unyevunyevu kutoka hewani. Baada ya miaka 2 yanakuwa na maji ya kutosha kuchemka kwenye mteremko mrefu kama ule wa Kabasha, upande wa Kanyabayonga. Shofere anakanyaga, na mguu unashuka mpaka chini bila kitu. Hapo habari si ya gari tena, ni ya watu waliokaa juu ya mizigo. Na mafuta ya moteri yasiwekwe kamwe kwenye chombo cha freni, yanavimbisha mipira na kuiua.

Mafuta machafu yanakwenda wapi

Kila vidanji inaacha karibu lita 10 nyeusi. Sehemu yake hupakwa kwenye mbao za nyumba kuzuia wadudu na unyevu. Katika Birere, ambako nyumba za mbao zimebanana na moto umekwisha kuteketeza mali za watu mara nyingi, mbao zilizolowa mafuta si msaada. Sehemu nyingine inamwagwa chini. Goma imesimama juu ya mawe ya volkano, na Birere yenyewe ilipitiwa na moto wa Nyiragongo Januari 2002. Mawe hayo yana nyufa kila mahali, na kinachomwagwa juu kinashuka kuelekea ziwa ambalo mji unalinywa. Garaji yenye pipa moja lenye kifuniko, mbali na moto, imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Kabla ya kuwasha

Mwishoni, kinachotofautisha pikapu inayorudi na ile inayolala porini ni dakika 10 za asubuhi, moteri ikiwa baridi: kijiti cha mafuta, maji ya radiatere, chombo cha freni, kizibo cha filtri, na kutazama chini kama kuna tone jipya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye barabara ya Masisi, ambako usalama si wa kila siku, kuharibikiwa usiku hakupimwi kwa bei ya vipuri. Mama mjamzito anayepelekwa hospitalini na mfanyabiashara aliyekopa pesa za mzigo wote wanategemea tone lile ambalo shofere aliliona, au hakuliona, kabla ya kutoka Birere.