Je, Wajua? Herufi moja iliyokosekana mwezini

Neil Armstrong alipokanyaga Mwezi mwaka 1969, watu walimsikia akisema kwamba hatua yake ni ndogo kwa "man" lakini kubwa kwa "mankind" (wanadamu), bila "a" mbele ya "man". Kwa Kiingereza, "a man" ni mtu mmoja. "Man" peke yake ni wanadamu wote. Kwa hiyo hatua hiyohiyo ikawa ndogo kwa wanadamu na kubwa kwa wanadamu. Haileti maana! Mwenyewe alishikilia kwamba alikusudia "a man".

Herufi hiyo huamua pia hali ya marafiki zako. "I have a few friends": ninao kadhaa, sina neno. "I have few friends": ni wachache mno, nionee huruma.

Umbo la kitenzi nalo hubadili maana. "He stopped smoking": ameacha sigara. "He stopped to smoke": amesimama ili avute. Daktari wake atafurahia moja tu.

Lakini hadithi kali kuliko zote ni ya mkato. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ilitaja kazi zisizostahili malipo hayo, ikamalizia na "packing for shipment or distribution". Kabla ya "or" hapakuwa na mkato. Madereva wakasema: hapo ni kufungasha tu, sisi tunasambaza. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona maneno hayo yana utata, ikawapa haki madereva. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.