Kitundu Kidogo Kidoleni: Hatari Iliyofichika ya Mashine ya Maji ya Presha

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua haziondoki bila kuacha alama kwenye baraza za nyumba. Sakafu ya saruji hushika koga na kuwa na utelezi, majani huota kwenye maungio ya pevingi, na tope jekundu huganda ukutani. Ifikapo Mei, vijana wenye mashine za maji ya presha, ambao zamani tuliwaona kwenye vituo vya kuoshea magari tu, huitwa majumbani, kuanzia Gangilonga na Kihesa mjini Iringa hadi Forest na Uyole jijini Mbeya. Kazi iliyomchosha mtu siku nzima kwa brashi na sabuni humalizika kwa saa mbili. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaita, na sikujuta.

Nayaandika haya kwa sababu ya kidole cha mmoja wao.

Alikuwa kijana wa miaka 24. Jumamosi alasiri alikuwa akiosha baraza la nyumba moja mjini Iringa, wenyeji wakijiandaa kwa sherehe ya kipaimara. Mpira wa mashine ulikuwa na kiraka, naye akahisi nguvu ya maji imepungua. Bila kuzima mashine, akapitisha mkono wa kushoto juu ya mpira kutafuta mahali panapovuja. Alisikia kama amechomwa na mwiba. Katika kituo alichokwenda, kidole kilisafishwa, kikafungwa bandeji, akapewa dawa ya maumivu. Simlaumu sana mhudumu aliyempokea: aliona kitundu kisichozidi tundu la sindano, damu haikutoka, na kijana mwenyewe alisema haumii.

Usiku ule hakulala. Jumapili alipanda basi kwenda kwa dada yake Uyole, safari ya zaidi ya kilomita 300, na Jumatatu asubuhi wakaja wote wawili kliniki. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba kama ndizi, kimejikunja, na ncha yake imepauka. Nilipojaribu kukinyoosha kidogo tu, alipiga kelele.

“Daktari, ni kitundu tu,” dada yake alisema, akinitazama kana kwamba nimemwonea mdogo wake.

Hapo ndipo penye mtego. Upepo wa tairi la gari dogo una mgandamizo wa takribani mara 2 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Mashine hizi hurusha maji kwa mgandamizo wa mara 100 hadi 200, na za kazi nzito huzidi hapo. Ngozi ya binadamu huweza kupenyezwa kwa mgandamizo wa takribani mara 7 tu. Kwa hiyo maji hupita ngozini kama sindano, kisha yakifika kwenye ala inayofunika kano za kidole huteleza ndani yake kuelekea kiganjani. Kidole hakina nafasi ya kupokea ujazo huo. Uvimbe hubana mishipa ya damu, nyama huanza kufa kwa kukosa hewa, na bakteria waliokuwa kwenye simtanki, sabuni na mchanga wa baraza hupata makao. Saa za mwanzo kidole kinaweza kuwa na ganzi tu, na mgonjwa akajiona amepona.

Tulimfanyia upasuaji siku hiyo hiyo, kisha mara mbili zaidi katika juma lile. Tulipofungua kidole hadi kiganjani tulikuta usaha na chembe za mchanga. Kidole hakikukatwa. Kiungo cha kati, hata hivyo, hakikunji tena. Laiti angefika chumba cha upasuaji ndani ya saa 6 za kwanza, matumaini yangekuwa makubwa zaidi.

Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya hahitaji vifaa vya ajabu kumwokoa mgonjwa wa namna hii. Anahitaji kuuliza swali tofauti: si kidonda kina ukubwa gani, bali ni nini kilichoingia, kwa mashine ipi, na saa ngapi. Majibu hayo yaandikwe kwenye barua ya rufaa, kwa maana mafuta, rangi au dawa ya kuua wadudu huharibu nyama kwa kasi kuliko maji. Kidonda kisishonwe. Ganzi isichomwe kidoleni, kwani huongeza ujazo mahali palipokwisha kujaa. Barafu nayo isitumike, kwa sababu hupunguza damu inayofika huko. Mkono uinuliwe juu, apewe dawa ya maumivu, kinga ya pepopunda na viuavijasumu, asile wala kunywa kwa kuwa huenda akapasuliwa, na hospitali yenye daktari wa upasuaji ipigiwe simu kabla gari halijaondoka. Picha ya eksirei husaidia kuonyesha hewa au mchanga ulikofika, lakini isiwe sababu ya kumchelewesha.

Kwa wenye kazi hii, uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa mkono. Zima mashine, kisha bonyeza kifyatulio hadi maji yaishe nguvu kabla ya kugusa nozeli. Glavu ya mpira haizuii maji hayo. Kandambili ndiyo kabisa. Nimewahi kuona mguu uliopasuliwa hivyo. Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya gereji au ukumbi uliofungwa, maana moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu na inayoua. Na anayetaka koga itoke upesi asichanganye dawa ya klorini na ile ya asidi ya kusafishia choo: mvuke wake huchoma mapafu.

Miezi minne baadaye kijana alirudi kwa uchunguzi. Alikuwa amekwisha kurejea kazini, na akanionyesha jinsi anavyoshika kifyatulio kwa mkono wa kulia, kidole cha kushoto kikiwa kimenyooka kama anaelekeza njia. Nilimuuliza kuhusu mpira wa mashine.

“Tumenunua mpya, daktari,” alisema. “Ule wenye kiraka bosi amemuuzia mtu wa Mafinga.”