Dodoma Jiji haina mtani

VIJANA wa Bahi, mji wa mpunga kando ya Reli ya Kati, wakibishana kuhusu Simba na Yanga, wazee huwasikiliza tu. Ukitaka nao wapandishe sauti, taja Waziri Mkuu na CDA.

Hizo zilikuwa timu za ofisi mbili za mji mmoja, Dodoma. Simba na Yanga ni utani wa nchi nzima, ila ule ulikuwa wa nyumbani. Ukifungwa huna pa kujificha, kesho mtani unaye kazini, jioni unaye sokoni.

Lakini timu ya ofisi huishi kwa fungu la ofisi. Fungu likikata, basi tena, jezi zinakunjwa. CDA yenyewe, mamlaka ya kuustawisha mji, ilivunjwa mwaka 2017.

Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, mkoa ulipata tena timu yake. Shida ni pale Simba au Yanga wanapotua Uwanja wa Jamhuri. Jukwaa linageuka jekundu au njano, mwenyeji anakuwa mgeni kwao.

Timu wanayo. Wanachokikosa wakongwe ni jirani wa kumtambia Jumatatu asubuhi.