Panya apendaye pombe na panya aikataaye

Mtu akianguka katika ulevi, majirani hawakawii kutoa hukumu: «Hata baba yake alikuwa hivyo, damu haidanganyi.» Naye mtoto wa mlevi, ajapokuwa bado yuko shuleni na hajaonja tone, huyasikia maneno hayo, akaanza kujiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Je, ni kweli? Ulevi hurithiwa kama urefu wa mwili? Neno hili si dogo. Pengine hata posa huvunjika kwa ajili yake. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi wataalamu walivyomwuliza swali hilo kiumbe ambaye kila mama humfukuza jikoni kwa ufagio, yaani panya.

Hatusemi panya buku wa ghalani. Twasema yule mdogo, ambaye uzito wake ni gramu 20 au 30. Jike hubeba mimba muda wa siku 20 hivi, na watoto wake wakifika majuma sita au manane, nao wako tayari kuzaa. Hivyo mtaalamu mmoja, katika maisha yake mwenyewe, aweza kuona vizazi vingi kuliko mababu wote tunaowakumbuka. Tena, kaka na dada wakiunganishwa kizazi baada ya kizazi, mara 20 au zaidi, mwishowe hupatikana ukoo ambao panya wake wote wanafanana katika urithi wao kama mapacha waliotoka katika yai moja. Basi, koo mbili za namna hiyo zikilelewa mahali pamoja, kwa chakula kimoja, na bado zikaonyesha tabia mbalimbali, tofauti hiyo yatoka katika urithi.

Aliyeanza kazi hiyo ni Mmarekani Clarence Cook Little. Mwaka 1909, akiwa bado mwanafunzi, alianza ukoo wa rangi ya kahawia iliyofifia, unaoitwa DBA. Mwaka 1921 alianza mwingine wa panya weusi, waitwao C57BL. Mbegu ya hao weusi ilitoka kwa Bibi Abbie Lathrop, aliyekuwa zamani mwalimu wa shule, kisha akafuga panya wa kuuza huko Granby, katika jimbo la Massachusetts; hesabu 57 ni namba ya jike lake mmoja. Mwaka 1929 Bwana Little alianzisha maabara katika mji wa Bar Harbor, kando ya bahari. Mwaka 1947 moto wa msitu uliiteketeza karibu yote pamoja na panya wake, lakini wataalamu waliokuwa wamepewa panya wa koo hizo walirudisha wazao wao, na kazi ikaendelea.

Sasa tuje kwenye pombe. Mwaka 1959 Gerald McClearn na David Rodgers, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walitoa habari za jaribio jepesi kabisa. Waliweka chupa mbili katika kila kizimba: moja ya maji, moja ya maji yaliyotiwa alkoholi, sehemu kumi katika mia. Panya hakulazimishwa, alijichagulia mwenyewe. Panya weusi waliiendea chupa ya kileo na kuiacha ile ya maji. Wale wa ukoo wa DBA hawakuigusa ila kidogo sana. Jaribio hilo limerudiwa tangu siku zile mahali pengi, na jibu halikubadilika. Panya mweusi aweza kunywa kwa siku moja gramu 10 za alkoholi kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 60 hizo zingekuwa gramu 600, kiasi cha kumwua. Panya hafi, kwa maana mwili wake huichoma alkoholi upesi kuliko mwili wetu, naye hunywa kidogo kidogo usiku kucha.

Msomaji mwenye haraka atasema: «Yamekwisha. Ulevi uko katika damu.» Tunamsihi angoje, kwani utamu wa habari hii uko mbele.

Kwanza, kunywa sana si ulevi. Panya mweusi, akiwa na chupa zake mbili, ni nadra kulewa. Mwaka 2005 wachunguzi walionyesha kwamba ili kumlevya ilibidi wachague saa: panya huamka gizani, kwa hiyo waliiondoa chupa ya maji saa tatu baada ya taa kuzimwa, wakampa kwa saa chache chupa yenye alkoholi sehemu 20 katika mia. Hapo ndipo alipokunywa mpaka akalewa.

Pili, kuna yule aikataaye. Huko Portland, katika jimbo la Oregon, wachunguzi walimdunga alkoholi kwa sindano ili asiionje ulimini, kisha wakamweka katika kisanduku chenye sakafu ya namna fulani. Siku nyingine walimdunga maji ya chumvi tu, wakamweka juu ya sakafu ya namna nyingine. Mwishowe walimwachia huru, bila kumdunga kitu chochote chenye kileo, achague mahali pa kukaa. Panya wa DBA, yule mcha Mungu tuliyemsifu hivi punde, alikwenda kukaa juu ya sakafu iliyomkumbusha alkoholi! Na panya mweusi, mnywaji hodari, hakujali sana. Ikaonekana kwamba yule wa kwanza alikuwa akichukizwa na ladha, wala hakuchukizwa na kulewa. Sisi twaona jaribio hili lapita mengine yote kwa faida, maana lafundisha kwamba anayepita mbali na chupa si lazima awe na nguvu kuliko anayeikaribia. Huenda hajapata tu njia ya kuipata furaha ile bila uchungu wake.

Tena kuna maumivu ya kuachishwa. Mtu aliyezoea kunywa sana, akikosa pombe ghafla, hutetemeka, na pengine hushikwa na kifafa. Bwana John Crabbe, wa Portland vilevile, aliwavutisha panya hewa yenye mvuke wa alkoholi kwa muda wa siku tatu, kisha akawaondolea. Saa chache baadaye, ukimwinua panya kwa mkia, mwingine hushikwa na degedege, mwingine hubaki salama. Aliwaunganisha wanaoshikwa na wanaoshikwa, na walio salama na walio salama, mpaka yakawako mataifa mawili. Kwa kawaida koo zinazoteseka sana wakati wa kuachishwa, kama DBA, ndizo zinywazo kidogo. Katika mji huohuo Bibi Kari Buck na wenzake walitafuta ni sehemu gani ya urithi inayohusika, na mwaka 2002 waliitaja jeni moja, Mpdz, kuwa yamkini ni mojawapo. Jeni ni ile amri ndogo ya urithi ambayo mtoto huipokea kwa wazazi. Hata hivyo hiyo ni moja kati ya nyingi, nayo yahusu maumivu ya kuachishwa tu. Jeni moja ya ulevi, ambayo daktari angeweza kuitazama na kusema «mtoto huyu atakuwa mlevi», haikupatikana kwa panya wala kwa mtu.

Bwana Crabbe alifanya jambo jingine ambalo wataalamu wengi wangeogopa kulifanya, maana laweza kuwaaibisha. Pamoja na Douglas Wahlsten wa Edmonton, nchini Kanada, na Bruce Dudek wa Albany, katika jimbo la New York, alipima panya wa koo zilezile katika maabara tatu. Walilinganisha kila kitu: umri, chakula, vizimba, vyombo, siku na hata saa ya kuanza. Mwaka 1999 walitangaza matokeo. Kupenda au kukataa pombe kulikuwa sawasawa mahali pote. Lakini katika tabia nyingine, kama vile woga mahali pa juu na mwendo baada ya kudungwa kokaini, panya wa ukoo uleule walitenda hivi mjini huku na vingine mjini kule, na sababu haikujulikana. Ikiwa panya wawili wenye urithi mmoja hawatendi sawa, ingawa walitunzwa kwa uangalifu mkubwa namna hiyo, tutasema nini juu ya ndugu wawili, mmoja akilelewa na shangazi, mwingine akikaa nyumba jirani na wauza lotoko?

Kwa wanadamu kipimo chatoka kwa mapacha na kwa watoto waliolelewa na wazazi wengine. Wachunguzi huhesabu kwamba karibu nusu ya tofauti zilizoko kati ya watu katika hatari ya ulevi yatokana na urithi. Hiyo nusu isieleweke vibaya. Haina maana kwamba mtoto wa mlevi amekwisha kuanguka nusu. Ni hesabu ya watu wengi pamoja, na kwa mtu mmoja peke yake haitabiri kitu.

Wengi katika nchi za mashariki ya Asia wana jeni inayowakinga. Mwili wao huchelewa kuiondoa sumu ambayo alkoholi hugeuka kuwa; uso huwa mwekundu, moyo hupiga mbio, nao huona vibaya hata kwa bilauri moja. Watu wa namna hiyo ni nadra kuwa walevi. Lakini huko Japani, wachunguzi walipowahesabu wagonjwa wa ulevi, waliona kwamba waliorithi kinga hiyo kwa mzazi mmoja walikuwa 2.5 katika mia mwaka 1979, 8 katika mia mwaka 1986, na 13 katika mia mwaka 1992. Katika miaka hiyo 13 urithi wa taifa zima haukuweza kubadilika. Kilichobadilika ni desturi za unywaji.